Kushirikisha na Kushirikiana: Kubuni Huduma za Jamii Pamoja na Wanaozitumia

Ndugu Mwenyekiti, maafisa maendeleo ya jamii na maafisa ustawi wa jamii wenzangu, waheshimiwa madiwani na wenyeviti wa vijiji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na ninyi mama zangu, baba zangu na vijana mlioalikwa hapa kwa jina la "walengwa", jina ambalo nitaomba ruhusa yenu kulizungumzia kidogo baadaye: shikamooni wakubwa zangu, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe, kwa sababu ndilo lililonifundisha sehemu kubwa ya nitakayosema. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, katika wilaya ambayo sitaitaja, nilikuwa mmoja wa waliosimamia mradi mdogo wa maji ya bomba wenye vituo 6 vya kuchotea. Kituo cha kwanza tulikijenga mbele ya ofisi ya kijiji, kando ya barabara, mahali ambapo mgeni yeyote angekiona kabla hajashuka kwenye gari. Maji yalikuwa safi, koki zilikuwa mpya, na bei ya ndoo ilikuwa ndogo. Hata hivyo, mwaka mmoja baadaye, wanawake wa vitongoji viwili kati ya vinne walikuwa bado wanateremka korongoni kuchota maji ambayo sisi wenyewe tulikwisha kuyapima na kuyakuta hayafai kunywewa. Katika taarifa yangu ya robo mwaka niliandika kwamba jamii ilihitaji elimu zaidi kuhusu matumizi ya maji safi na salama.

Siku moja nilikutana na mama mmoja wa makamo akipanda kutoka korongoni. Alitua ndoo yake chini, akaniambia kwa upole, "Baba, hebu jitwike." Niliinama nikajaribu. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji ndani yake, na kuitoa ardhini hadi kichwani bila mtu wa kukusaidia ni kazi inayomshinda mjamzito na kumshinda mzee. Kule korongoni palikuwa na mwamba wa kimo cha kiuno. Wanawake waliweka ndoo juu yake na kujitwika bila kumsubiri mtu. Kwenye kituo chetu palikuwa na sakafu ya saruji tu. Akaendelea kunieleza kwamba yeye huhitaji maji saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kwenda shamba, ilhali mtunza kituo alikuwa akifungua saa mbili; na kwamba wake wachanga waliona haya kusimama foleni, kanga zikiwa zimelowa, mbele ya baraza la ofisi ambako wakwe zao walikuwa wamekaa wakizungumza. Katika hayo yote hapakuwa na jambo hata moja la kuondolewa kwa elimu. Palihitajika jukwaa la matofali la kimo cha kiuno, ufunguo ukae katika nyumba iliyo jirani, na kituo kisogezwe hatua 200 kutoka pale. Jukwaa tulilijenga, na ufunguo tuliuhamisha. Zile hatua 200 hatukuziweza, kwa sababu bomba lilikuwa limekwisha kufukiwa na fedha zilikuwa zimekwisha.

Niliporudi ofisini nilifungua faili la mradi. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulikuwemo, wenye mhuri na saini, pamoja na orodha ndefu ya mahudhurio, na chini yake sentensi isemayo: "Wananchi walishirikishwa kikamilifu." Sentensi hiyo niliiandika mimi, na sikuwa nimedanganya. Mkutano ulifanyika, ramani ilionyeshwa, na mwishoni tuliuliza kama kuna mwenye swali. Ila ramani ilikuwa imekwisha kuchorwa mjini. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma kabisa, juu ya mikeka, wengi wao wakiwa na watoto mapajani, na yule mama wa korongoni hakuwapo kabisa, kwa kuwa mkutano tuliuitisha saa ambayo yeye alikuwa njiani na ndoo kichwani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitafakari neno lenyewe. Kiswahili chetu kinatupa maneno matatu yaliyotoka katika shina moja: kushiriki, kushirikisha na kushirikiana. Anayeshiriki huingia kwa miguu yake mwenyewe. Anayeshirikishwa huingizwa na mwingine, na aliyemwingiza ndiye mwenye mlango: ndiye anayechagua saa ya kuufungua, anayechagua nani apite, na anayeamua lini mazungumzo yametosha. Wanaoshirikiana wana mlango mmoja na funguo mbili. Ibara ya 146 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema kwamba madhumuni ya kuwapo kwa Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi, na inazitaka serikali hizo kushiriki, na kuwashirikisha wananchi, katika mipango na katika utekelezaji wake. Siioni kasoro katika ibara hiyo. Kasoro iko katika mazoea yetu ya kusoma nusu yake ya pili peke yake, tukaacha madaraka nyuma na kuchukua mahudhurio.

Na neno "walengwa" nalo lina historia yake. Kulenga ni kazi ya mwenye upinde. Mtu aliyelengwa husimama mahali pake akisubiri kinachomjia, na sifa pekee anayotakiwa kuwa nayo ni kutosogea. Sisemi kwamba tukibadilisha neno huduma itabadilika. Nasema kwamba kwa miaka mingi neno hili limetuzoesha kuwaona watu kwa namna fulani, na mazoea hayo yanajionyesha kila tunapoandika mpango.

Msidhani ninaleta jambo geni lililoagizwa kutoka nje. Nchi hii iliwahi kulifanya, na kulifanya vizuri kiasi kwamba dunia ilikuja kujifunza kwetu. Nazungumzia mkoa wa Iringa wa miaka ya 1980, ambao wakati huo ulijumuisha pia eneo la mkoa wa Njombe wa leo. Kuanzia mwaka 1983, Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani kwa fedha zilizotolewa na serikali ya Italia, iliendesha katika vijiji 168 mpango wa lishe ambao hadi leo unatajwa katika vyuo vinavyofundisha lishe. Iringa ilikuwa inavuna mahindi kwa wingi, na ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyokuwa ikilisha miji. Watoto wake, pamoja na hayo, walikuwa wanadhoofu. Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba akina mama hawajui kulisha watoto, na dawa yake ingekuwa semina.

Waliobuni mpango ule, pamoja na wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe, walianzia kwingine. Kila kijiji kilikuwa na siku yake ya afya, kila baada ya miezi mitatu. Mizani ilining'inizwa mahali pa wazi, watoto wa chini ya miaka mitano wakapimwa mmoja mmoja mbele ya wazazi wao, na uzito ukawekwa kwenye kadi yenye rangi: kijani kwa aliye salama, kijivu kwa anayehitaji kuangaliwa, nyekundu kwa aliye hatarini. Mtu asiyejua kusoma aliielewa kadi ile. Waliopima walikuwa wahudumu wa afya wa kijiji, watu waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana wengi tunakumbuka mizani na kusahau kilichofuata. Takwimu zile zilijadiliwa kijijini kwanza, katika kamati ya afya na katika halmashauri ya kijiji, kabla hazijapanda kwenda kata, wilaya na mkoa. Kijiji kilijua watoto wake wangapi wako kwenye nyekundu, na ni wa kaya zipi, na kikatakiwa kuuliza kwa nini, kisha kuamua kinaweza kufanya nini kwa nguvu zake na kinahitaji kuomba nini kutoka juu. Baada ya miezi mitatu mizani ilirudi kuuliza kama uamuzi ule ulikuwa wa kweli. Kupima, kuchambua, kutenda, kisha kupima tena: huo ndio uliokuwa mzunguko wenyewe.

Linganisheni na sisi leo. Takwimu zinakusanywa kijijini, zinapanda mjini, na kijiji hakizioni tena. Anayezalisha taarifa ndiye pekee asiyeisoma.

Vijiji vya Iringa vilipochambua, vilikuta mambo ambayo hakuna mtaalamu angeyakuta akiwa mezani kwake. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, na ugali au uji mzito humjaza kabla hajapata nguvu ya kutosha. Anahitaji kula mara nyingi kwa siku. Mama yake, kwa upande mwingine, yuko shambani toka alfajiri hadi alasiri, kisha kuna maji, kuni na kupika, kwa hiyo mtoto anakula mara mbili. Kumwambia mama huyo kwamba mtoto ale mara nne au tano ni kumwambia jambo analolijua na asiloliweza. Ndiyo maana uamuzi wa vijiji vingi ulikuwa kuanzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto karibu na wanakofanya kazi wazazi, vikiendeshwa na watu wa kijiji kwa chakula cha kijiji. Mzigo wa kazi wa mwanamke ukaingia katika mjadala wa halmashauri ya kijiji, mbele ya wanaume, kama sababu ya utapiamlo iliyopimika kwenye mizani. Sidhani kama semina yoyote ingefika hapo.

Kuna habari ya kimea pia, ambayo naipenda sana. Wanawake wa mikoa yetu walikuwa wanajua siku nyingi kuotesha mtama au ulezi, kuukausha na kuusaga, kwa ajili ya pombe ya kienyeji. Wataalamu wa lishe walithibitisha kwamba unga wa kimea kidogo, ukitiwa ndani ya uji mzito, huulainisha ukawa wa kunywewa bila kuongeza maji, na hivyo mtoto akapata nguvu nyingi katika kikombe kilekile. Maarifa ya mama na maarifa ya maabara yalikutana katika sufuria moja, na kila upande ulileta kitu ambacho mwingine hakuwa nacho. Nikitaka kueleza kushirikiana ni nini, huwa natumia mfano huo.

Kati ya mwaka 1984 na 1988, katika vijiji vile 168, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi takriban asilimia 38, na wale wenye utapiamlo mkali kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Mpango haukuwa wa bure, na fedha za nje zilikuwamo. Hilo lazima lisemwe. Lakini fedha za nje zimeingia katika miradi mingi ambayo leo hatuikumbuki. Mfumo wa Iringa ulienezwa katika mikoa mingine, na mwaka 1990 UNICEF iliweka mkakati wake wa lishe wa dunia juu ya misingi iliyofanyiwa majaribio huku.

Miaka 10 kabla ya Iringa tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio, kusoma na kujadili, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Naiheshimu sana kampeni ile. Somo lake, hata hivyo, liliandaliwa Dar es Salaam, na lilikuwa moja kwa nchi nzima. Iringa ilimpa mwanakijiji kitu ambacho redio haikuweza kumpa, yaani uwezo wa kuuliza swali ambalo makao makuu hayakulifikiria.

Sasa niseme juu ya huduma za leo, na nichukue moja iliyo karibu na moyo wangu. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo, na hospitali na vituo vingi vimeweka dirisha la wazee. Ni hatua njema kabisa. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kusaidia kituo kimoja cha afya kuboresha dirisha lake. Uongozi ulikuwa umepanga kuongeza viti, kupaka rangi na kuweka bango kubwa zaidi. Niliomba tuwaalike kwanza wazee 12, na tusiwaulize lolote kuhusu dirisha. Tuwaombe watusimulie siku nzima ya kuja kituoni, tangu wanapoamka hadi wanaporudi kulala.

Masimulizi yale yalichukua siku mbili. Tulimsikia bibi anayekopa nauli ya bodaboda kwa jirani na kuilipa kwa kuku. Tulimsikia mzee anayelala njiani kwa binti yake usiku wa kuamkia kliniki. Karibu wote walikuwa wanameza dawa za shinikizo la damu au kisukari, na karibu wote walikuwa wanarudi kila mwezi kuchukua dawa zilezile, kwa sababu wanaandikiwa za siku 30. Dirisha lilitajwa mara moja tu, na bibi mmoja aliyesema kwamba pale anatendewa kwa heshima. Tatizo la huduma ile lilikuwa barabarani. Mganga mfawidhi, ambaye alikaa na kusikiliza hadi mwisho, alikubali kwamba wagonjwa ambao hali zao zimetulia waandikiwe dawa za miezi miwili au mitatu kila zinapopatikana za kutosha, na kwamba katikati ya hapo mhudumu wa afya wa kitongoji awapime shinikizo nyumbani. Viti viliongezwa pia. Rangi iliahirishwa.

Katika kikao kama hicho, mahali pengine, kijana kiziwi alitueleza kupitia mkalimani wa lugha ya alama kwamba hukaa kliniki hadi jioni, kwa kuwa majina huitwa kwa sauti na yeye hasikii zamu yake ikipita. Alikuwa amekuja kituo kile kwa miaka. Hakuna aliyekuwa amemwonea. Muuguzi alimwita kila mara, akaona hayupo, akaendelea na mwingine. Kadi zenye namba zilitatua jambo hilo kwa gharama ya karatasi.

Ndiyo maana wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa kawaida methali hii tunamwambia anayehukumu mambo ya wengine. Mimi naisoma pia kama maelezo sahihi ya mahali yanapokaa maarifa. Daktari anajua ugonjwa, mhandisi anajua shinikizo la maji kwenye bomba, mhasibu anajua fungu limebaki kiasi gani, na hakuna mwanakijiji atakayewaondolea kazi hizo. Anayetumia huduma anajua saa, umbali, nauli, aibu, woga, na mambo anayoyaacha nyuma ili aje. Huduma inayobuniwa bila elimu hiyo imebuniwa na watu waliokosa sehemu ya vipimo.

Najua lipo swali katika chumba hiki, kwa sababu huulizwa kila mara: hayo yanawezekana kijijini, lakini mjini, penye maelfu ya watu wasiojuana, yatawezekanaje? Jibu langu liko Nairobi, katika makazi yasiyo rasmi ya Mukuru. Watu wa huko walikuwa wanalipia maji, umeme na choo kwa bei ya juu kuliko majirani zao wa mitaa yenye huduma rasmi, kwa sababu kila kitu kilipitia mikononi mwa wachuuzi. Tunalijua hilo kwa kuwa wakazi wenyewe, kupitia shirikisho la Muungano wa Wanavijiji lililoanzishwa mwaka 1996 pamoja na washirika wake, walijihesabu nyumba kwa nyumba, wakaweka kumbukumbu za gharama zao na za viwanja walivyomo. Agosti 2017 serikali ya kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, ikiwa na kaya zaidi ya 100,000, na vikundi vya wataalamu wa maji, afya, elimu, nyumba, fedha na sheria vikaundwa kufanya kazi pamoja na wakazi. Mazungumzo yalianzia katika makundi madogo ya kaya 10, yakapanda ngazi kwa ngazi hadi mpango wa eneo zima. Sisi Watanzania tuliokulia chini ya mabalozi wa nyumba kumi tunaijua ngazi hiyo. Wenzetu waliitumia kwa kazi ya kubuni.

Kilichobadilika kinaonekana kwenye michoro. Kwa viwango vya kawaida vya upana wa barabara, maelfu ya nyumba zingebomolewa kabla huduma haijafika. Wakazi na wapangaji miji walikaa wakapitia njia moja baada ya nyingine, na barabara nyingi zikakubaliwa kuwa nyembamba kuliko kiwango, ili watu wengi kadiri ilivyowezekana wabaki walipo. Katika miaka iliyofuata barabara, mabomba ya maji, maji taka na hospitali zilianza kujengwa. Nami sitawaficha upande wa pili. Novemba 2021, katika Mukuru kwa Njenga, maelfu ya nyumba zilibomolewa kupisha barabara kubwa, na familia zililala katika mvua juu ya vifusi vya nyumba zao. Ushirikiano wa miaka kadhaa haukuwa na ukuta wa kutosha kuuzuia uamuzi uliotoka mahali pengine. Nalitaja hili kwa uchungu, kwa kuwa linatuonyesha kwamba kubuni pamoja bila mamlaka ya kuzuia ni jengo lisilo na paa.

Makueni, huko huko Kenya, walijaribu kuweka paa. Chini ya ugatuzi, yaani kupeleka madaraka kwenye kaunti, ulioanza mwaka 2013, kaunti hiyo yenye wadi 30 iliweka mabaraza kuanzia kijijini, na kila mradi ukawa na kamati ya usimamizi iliyochaguliwa na wananchi wa mahali husika. Kamati hiyo isiposaini kwamba kazi imefanyika ipasavyo, mkandarasi halipwi. Saini moja ya mama wa kijijini, iliyo na nguvu ya kuzuia hundi, ina thamani kuliko semina nyingi za uhamasishaji.

Ndugu zangu, njia hii ina hatari zake, na ni wajibu wangu kuzitaja. Mkutano wa hadhara huwasikia wenye sauti. Katika kila kijiji wapo watu watano au sita ambao husema kwa niaba ya wote, na wengine wakazoea kunyamaza; tukichukua maneno ya hao watano tukayaita maoni ya jamii, tumeongeza nguvu kwa wenye nguvu. Kisha yapo mambo yasiyosemeka hadharani. Katika mpango wa kunusuru kaya maskini unaosimamiwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, orodha ya kaya huthibitishwa na mkutano wa kijiji, na uwazi huo una manufaa yake, kwa sababu majirani wanajua nani ana ng'ombe. Lakini mwanamke aliyepigwa na mumewe hatasimama mkutanoni kueleza kituo cha mkono kwa mkono, mahali wanapohudumiwa waliofanyiwa ukatili, kiwe na mlango upande gani. Anajua jibu kuliko sisi sote: anajua ni nani atamwona akiingia, na habari itafika nyumbani baada ya dakika ngapi. Ataombwa jibu hilo faraghani, na mtu anayemwamini, kwa hiari yake, na akisema hataki kusimulia, basi yaishe. Vivyo hivyo kwa mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, na kwa kijana anayepambana na dawa za kulevya.

Hatari nyingine ni muda wao. Sisi tunapokaa kikaoni tunalipwa mshahara na posho. Mama ntilie anapokaa kikaoni jiko lake limezimwa. Nimewaona wenzetu wengi wakisita kumlipa mwanakijiji nauli na fidia ya siku yake, kwa hofu kwamba atazoea, huku wakijaza fomu za posho zao bila hofu hiyo. Kama ujuzi wa mtu unahitajika ili mpango uwe mzuri, muda wake ni sehemu ya bajeti, na uandikwe hivyo tangu mwanzo pamoja na nondo na saruji.

Wakati huchukua, hilo ni kweli. Mwaka wa fedha unaanza Julai, fedha zinaweza kufika zimechelewa, na mkurugenzi anataka taarifa ya utekelezaji kabla ya Juni. Nimeishi chini ya kalenda hiyo kazi yangu yote. Kwa hiyo ninachopendekeza ni kwamba mazungumzo ya kubuni yasisubiri fedha. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita nyumba kwa nyumba mwaka mzima. Vikundi vya kuweka na kukopa vinakutana kila wiki. Tukisikiliza wakati hakuna mradi, mradi utakapokuja utatukuta tunajua.

Nina ombi moja mahususi kwa halmashauri zote zilizowakilishwa hapa. Katika kila andiko la mradi wa huduma, baada ya ukurasa wa mahudhurio, uongezwe ukurasa mmoja wenye kichwa: "Kilichobadilika baada ya kukutana na watumiaji." Uandike mpango ulikuwaje kabla, ukawaje baada, na kwa maneno ya nani. Andiko ambalo ukurasa huo ni mtupu lirudishwe kijijini, hata kama mahudhurio yalikuwa ya watu 500. Inawezekana kabisa mpango wa kwanza ulikuwa mzuri na hakuna cha kubadilisha. Katika miaka yangu yote sijakutana na mpango wa namna hiyo. Na nakala ya ukurasa huo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kando ya taarifa ya mapato na matumizi, ili yule aliyesema jambo alione limeandikwa, au aone limeachwa na aulize sababu.

Katika wilaya ninayofanyia kazi sasa tumeanza kufanya hivyo, na nimekuja na ukurasa wa zahanati mpya inayojengwa. Una mistari minne. Mlango wa chumba cha kujifungulia uliokuwa ukitazama barabara umegeuzwa kutazama uani. Pameongezwa banda la kupikia kwa ajili ya ndugu wanaosindikiza wajawazito, kwa maneno ya wakunga wa jadi na akina mama watano. Njia ya kuingilia imewekwa mteremko badala ya ngazi, kwa maneno ya mzee mmoja mwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Na kituo cha maji cha nje kimejengewa jukwaa la kimo cha kiuno.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.